Kawa Iliyofanana na Yai

Binti yangu alinirithisha laptop yake ya chuo wiki aliyopangiwa kazi ya ualimu huko milimani Njombe. Ilikuwa na ufa mmoja kwenye kioo, mwembamba kama unywele. Haukupita mwezi, laptop ikajirusha kutoka juu ya kabati (mimi sikuigusa, nilikuwa naisogeza tu), na ule ufa ukawa delta ya Rufiji kamili: mto mkuu, matawi, visiwa, maji yakiingia baharini upande wa kulia. Nilikaa nikaitazama kwa heshima. Kijiji nilichozaliwa, kule kwenye mikoko, kilikuwa pembeni chini, karibu na pale inapoonyeshwa saa.

Mtu mwenye akili angeitupa. Mimi siwezi kutupa kitu kilichotoka kwa mwanangu, na zaidi ya hapo, laptop ile, na modemu aliyoiacha imechomekwa ubavuni, ndiyo ilikuwa dirisha langu pekee la kumwona. Simu yangu ni ya tochi. Inapiga, inapokea, inamulika njia, basi. Nyumbani hapa Kibiti nilibaki peke yangu. Mama yake alifariki binti akiwa mwaka wa kwanza wa chuo. Ndugu zangu wengi wako deltani na mpunga wao. Dada yangu ameolewa Nyamwage, huja kunitembelea akikumbuka, na Mungu alimjalia usahaulifu.

Kazi yangu ni kutunza ghala la korosho. Msimu ukiisha, ghala linakuwa tupu kiasi kwamba ukipiga chafya asubuhi, mwangwi unakujibu "afya" adhuhuri. Katika stoo ya ghala hilo palikuwa na kioo cha kompyuta ya mezani, kipana kama mlango wa msikiti, hakina mwenyewe. Nikakiomba, nikapewa, nikakibeba kichwani hadi nyumbani. Nikakiunganisha na laptop kwa waya wake wa zamani, ule wenye pini kumi na tano. Wangu ulibaki na kumi na nne, maana niliuchomeka kichwa chini miguu juu, na ulipokataa nikautia nguvu za kubebea magunia. Pini moja ikabaki sakafuni. Picha ikaja vilevile. Nikasema alhamdulillah, kumbe ile ya kumi na tano ilikuwa ya akiba.

Tukapanga na binti yangu: kila Jumapili baada ya alasiri, tunaonana. Yeye anaegemeza simu yake kwenye kopo la majani ya chai, mimi nakaa mbele ya mlango wangu wa msikiti. Kamera ilikuwa bado ndani ya laptop iliyovunjika, nayo niliiweka kando, kwa hiyo mimi namwona yeye uso kwa uso, yeye ananiona upande, kama mtu wa kwenye sarafu. "Baba, leo nimeliona sikio lako vizuri sana," alikuwa akiniambia.

Jumapili ya kwanza alipotokea, moyo wangu ulitua kama gunia. Amenawiri! Mashavu yamejaa, mabega yametanuka, shingo imekuwa ya mke wa mwenye meli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama weee! Huko wanakulisha nini? Umenawiri hadi kioo kinaomba msaada!"

Akanyamaza. Nilidhani ni mtandao.

"Ni viazi, baba," akasema. "Huku viazi ni vingi."

"Basi kula! Ukirudi nitakuja kukupokea na lori."

Akacheka, nami nikacheka zaidi yake. Kwetu, ukimwona mtu baada ya muda, salamu haijatimia hadi umemtazama mwili na kutoa hukumu. Akiwa amenenepa unamwambia palepale, naye anashukuru: maana yake anakula, ana amani, waliomzunguka ni watu. Akiwa amekonda, humwambii yeye. Unanyamaza, unakwenda kumwambia mama yake.

Kila Jumapili nikatoa hukumu ileile, na kila Jumapili niliikuza. Ghalani niliwatangazia wenzangu kwamba shule imeongeza miguu miwili kwenye kiti chake. Niliwaambia amekaa kwenye benchi la ofisi ya walimu upande mmoja, mwalimu mkuu akarushwa upande wa pili. Nilikuwa na furaha. Baba wa mtu aliyenenepa ana haki ya kulala mapema.

Naye alikuwa na swali lake la kila Jumapili. "Na hapo nyumbani, baba, uko na nani?"

"Na nani? Sema sina nani! Shangazi yako kaja na wajukuu, hatuna pa kukanyaga. Wewe husikii?"

Alikuwa anasikia. Kabla ya kumpigia nilikuwa nawasha redio, naiweka chumba cha pili, mlango nauacha wazi kidogo, kwenye kipindi chenye watu wengi wanaobishana. Halafu katikati ya maongezi nageuka nakemea: "Nyie, punguzeni sauti, naongea na mwalimu!" Redio haikuwahi kutii, na hilo ndilo lilifanya waonekane kama wajukuu wa kweli. Tukishaagana, nakwenda kuizima. Sijui kama umewahi kuzima redio ndani ya nyumba yenye mtu mmoja. Ukimya unaoingia pale hauingii kwa mlango, unatoka ukutani.

Sasa nije kwenye kawa. Marehemu mke wangu alikuwa fundi wa kusuka ukindu, na mwaka wake wa mwisho alisuka kawa mbili, vile vifuniko vya chakula, pacha, zenye mistari ya zambarau na nyekundu. Moja iko hapa mezani kwangu. Ya pili binti aliibeba Njombe, akaitundika ukutani nyuma ya pale anapokaa. Kila nikimwona yeye, naiona na kawa ya mama yake nyuma ya bega lake.

Jumapili moja nilikuwa nasikiliza habari za baridi yao, macho yangu yakatulia pale ukutani, nikaona kitu. Kawa haikuwa duara. Ilikuwa yai. Yai lililolala.

"Mwanangu, kawa ya mama yako umeifanya nini?"

"Kawa? Iko sawasawa."

"Imepinda hiyo! Ni ukungu wa huko. Umeiacha inyeshewe!"

"Baba, naitazama hapa. Ni duara kama siku uliyonipa."

"Nami naitazama. Ni yai la mbuni."

Tulibishana hadi mtandao ukachoka. Nilipozima nikaichukua pacha yake mezani, nikaiinua mbele ya macho kwa mikono miwili. Duara. Sikulala vizuri. Kitu kilichotoka mkononi mwa marehemu hakipindi hivihivi.

Kesho yake nikaukunja ule waya, nikaupeleka kwa kijana anayetengeneza simu pale sokoni. Nikamweleza kwamba kwenye kioo changu kawa inaonekana yai. Hakujua nianzie kutibiwa wapi. Akauliza laptop inatumia mfumo gani. Nikamwambia Linux.

"Aa, mzee wangu," akasema, akanirudishia waya kama mtu anayerudisha mtoto mgonjwa. "Futa hiyo, nikuwekee mfumo wa watu wote."

Nikakataa. Linux nilisomea mimi. Nilimaliza sekondari kwa masomo ya jioni, nikiwa na mvi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu. Nikikaa, magoti yalikuwa yanasikiliza somo pamoja na masikio. Tulikuwa na kompyuta sita za msaada, zote za Linux kwa sababu ni ya bure, na mwalimu wetu alikuwa binti kutoka bara, umri wa mwanangu. Kila jioni mlangoni yeye ananipa shikamoo, naitikia marahaba. Kisha akiingia darasani nasimama namwambia "Shikamoo Mwalimu", naye hajui afanye nini. Sasa amehamia Mloka. Nikampigia.

"Shikamoo mzee wangu! Ongea haraka, tembo wako shambani kwa jirani, tunapiga madebe."

Nikamweleza habari ya kawa. Nyuma yake madebe yalilia kweli.

"Hebu niambie. Kwenye kioo hicho, watu wengine wakoje?"

"Wako vizuri sana. Wanene."

"Wote?"

Nikafikiri. Msoma taarifa ya habari, mnene. Wachezaji mpira, wanene, nikawa najiuliza wanakimbiaje. Hata twiga niliyemwona siku moja kwenye video ya mbuga alikuwa na shingo ya ng'ombe.

"Wote," nikasema.

"Basi hakuna aliyenenepa, mzee. Ni kioo."

Akanieleza, na nitaeleza kama alivyoeleza. Kompyuta ikiwaka inapiga hodi kwa kioo: wewe ni nani, una nukta ngapi kwa upana, ngapi kwa kimo? Kioo kinajibu kwa njia ya pini. Pini yangu ilikuwa imefagiliwa na takataka za mwezi ule. Kompyuta ikapiga hodi, haikujibiwa, ikaamua kukitendea kioo kama mgeni asiyejulikana kabila: ikampa nukta 1024 kwa 768, kipimo cha vile vioo vya mraba vya zamani. Kioo changu ni cha 1600 kwa 900. Kinapopokea picha fupi, kinaivuta pande mbili mpaka ijae.

"Kinaivuta kiasi gani?"

"Si upige hesabu, mzee. Hesabu ulipata nini?"

"Nilipata ile ya juu kabi—"

"Nilisahihisha mimi."

Nikapiga hesabu kwa kalamu. Ilitoka safi, haina masalio: kila chenye upana wa tatu nilikuwa nakiona nne. Mwalimu alikuwa anaendelea kuongea, mimi nimeiweka kalamu chini. Robo ya kile nilichokuwa nakiona Jumapili haikuwepo. Yale mashavu, ile shingo ya mke wa mwenye meli, yalikuwa ya kioo. Nikajaribu kumtazama mwanangu kichwani mwangu, nimpunguze robo, nione kinachobaki. Sikuweza. Nilikuwa nimesahau alivyokuwa kabla.

"Mwalimu," nikasema, "nifundishe kukinyoosha kabla ya Jumapili."

Ilikuwa Jumatatu. Alinisomea amri herufi kwa herufi, nami nikaandika kwenye daftari. Unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Unaandika cvt, halafu 1600 900, nalo linakupa mstari mrefu wa tarakimu, kama namba za maboksi ghalani. Mstari huo unaunakili kwenye amri ya pili, xrandr, yenye neno newmode, ili kompyuta iujue. Ya tatu, addmode, inaukabidhi kwa tundu la kioo, langu likiitwa VGA-1. Ya nne ndiyo inayosema: haya, utumike.

Jumanne niliandika kistari kimoja mahali pa viwili, dirisha likanitukana. Jumatano nilikosea tarakimu moja kati ya mamia (zilikuwa tisa, lakini zilikuwa na tabia ya mamia). Alhamisi nilipatia, ila tamaa ikaniingia. Nikasema, kama 1600 itanionyesha mwanangu alivyo, 2400 itanionyesha hadi anachofikiri. Kioo kikazimika. Kikaandika kwamba hilo liko nje ya uwezo wake, kisha kikawa cheusi kama chungu. Nikajua nimeliua lile dirisha la kumwonea, siku tatu kabla ya Jumapili. Niliketi mbele ya weusi ule na kumwona mtu amekaa ndani yake, mzee, kifua wazi, mikono mapajani. Nilikuwa sijajiona muda mrefu.

"Zima, uwashe," Mwalimu akasema kwenye simu. "Mabadiliko haya hayadumu, mzee. Ukizima inasahau kila kitu."

Ilisahau. Ikarudi na unene wake. Ijumaa sikuigusa, nilikwenda kuswali, nikarudi nikalala. Jumamosi nikaanza tena taratibu, kidole kimoja, nikisoma kila herufi kwa sauti. Nilipobonyeza amri ya nne, kioo kilipepesa, kisha picha ikajikusanya pande zote mbili, kama mtu anayebana mabega apite mlango mwembamba. Vialama vya mviringo vikawa mviringo. Siku nyingine ningetoka nje nikatangaza hadi Dar es Salaam wasikie. Nilifunga daftari, nikaacha mashine ikiwaka hadi kesho yake ili isisahau.

Jumapili akatokea.

Kwanza nilitazama kawa, kwa makusudi. Duara. Mistari ya mama yake ilizunguka sawasawa na ile ya mezani kwangu. Kisha nikateremsha macho. Sweta lilikuwa lilelile la siku zote, lakini ndani yake alikaa mtu mdogo. Mifupa miwili ya chini ya shingo ilionekana kama mpini wa ndoo. Macho yalikuwa makubwa mno kwa uso ule.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, mbona kimya? Leo hujaniambia nimenawiri."

"Kawa imekuwa duara," nikasema.

"Si nilikwambia?"

"Na wewe umekonda."

Chumba cha pili redio ilikuwa inabishana.

"Ni kamera hii ya simu," akasema.

"Mwanangu, usiisingizie kamera. Kilichoinyoosha kawa ndicho kinachokuonyesha wewe."

Akaangalia pembeni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na ile sauti sikuwa naijua: "Kwani ulikuwa huoni?"

"Sikuwa naona."

"Miezi yote hii? Mimi nilijua umeona. Siku ya kwanza uliponiambia nimenawiri, nilikuwa nimetoka kufunga mkanda tundu la mwisho. Nikasema, baba ameona nimekonda, hana tena mama wa kwenda kumwambia, ameamua kulifanyia utani. Unatia chumvi kila kitu, baba. Nikasema kama mwenyewe anacheka, basi si neno kubwa. Nami nikacheka."

Nimesema mengi maishani, mengine yalikuwa makubwa kuliko mlima. Hakuna lililowahi kunirudia kama lile la kioo kuomba msaada.

Nikamweleza habari ya pini, hodi isiyojibiwa, tatu kuonekana nne. Alisikiliza akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Pini moja, baba?"

"Moja. Niliilazimisha."

"Sasa hilo naliamini," akasema, na kidogo akacheka kweli.

Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema tumbo linamwaka, na atakwenda hospitali, lakini tumbo lilikuja baadaye. Kwanza alishindwa kula. "Napika, baba. Nikishapakua, naiangalia sahani, naona hakuna wa kumwambia 'karibu'. Narudisha sufuriani."

"Na kawa?"

"Nifunike nini? Namfunikia nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hata kioo kipana hakikulificha, ni mimi tu sikulisoma. Katika Jumapili zote zile kawa haikuwahi kushuka kwenye msumari wake. Kawa isiyoshuka haina chakula cha kufunika.

Nikainuka, nikaenda chumba cha pili, nikazima redio. Niliporudi alikuwa amesogeza uso karibu na simu.

"Baba, wageni wameondoka?"

"Hawajawahi kuja."

"Shangazi?"

"Tangu Idi sijamwona."

"Na wajukuu wanaopiga kelele?"

"Ni redio, mwanangu. Ile ya mama yako."

Nilisikia jogoo wao huko Njombe, na nadhani yeye alisikia nyumba yangu ilivyo.

"Ishushe kawa," nikamwambia. "Nenda kapakue ulichonacho."

Akaishusha. Akaleta viazi na maharage chini ya kawa ya mama yake, akaifunua mbele yangu. Mimi nikaleta wali wangu wa jana na kipande cha samaki mkavu, nikafunua ya kwangu. Nikaigeuza laptop mbovu initazame usoni, anione mzima, hata kama kwa kufanya hivyo mimi namwona kwa pembe ya jicho.

"Karibu," nikasema.

"Karibu, baba."

Alikula viazi viwili. Nilivihesabu, na sitaviongeza.

Ana dawa za tumbo sasa. Mwalimu wa Mloka amenifundisha faili la kuandika zile amri ili kompyuta ikiwaka ijinyooshe yenyewe. Ninalo kwenye daftari, sijaliweka. Kila Jumapili naanza na ulimwengu mnene, naandika mistari yangu kwa kidole kimoja, ulimwengu unajikusanya, ndipo napiga. Hilo linanitosha kama udhu.

Ila kawa haipo tena ukutani. Iko mezani kwake, inafanya kazi, na nyuma ya bega lake umebaki msumari mtupu. Akionekana amejaa kidogo mashavuni, sina duara la kupimia. Tarakimu zinaweza kuwa zimenikosea, au macho yanaona yanachotaka. Inabidi nimuulize na nimwamini.

"Umekula?"

"Nimekula, baba. Nusu sahani."

Nusu sahani. Mtu anayetaka kunifurahisha angesema sahani nzima.

"Na wewe, uko na nani?"

"Peke yangu," namwambia, halafu tunanyamaza kidogo ili asikie kwamba ni kweli.